Kilo zangu nazo ziandikwe

Walikale, 24 Novemba 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kinshasa. Nakala kwa wakubwa wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wa Regie ya Njia za Anga, RVA.

Mheshimiwa,

Desturi ingetaka nianze kwa mbunge wangu, naye akuletee maneno haya. Lakini mimi ni mzaliwa wa Masisi, na Desemba 2023 sisi wa Masisi, pamoja na ndugu zetu wa Rutshuru, hatukupiga kura kwa sababu ya vita. Kwa hiyo naingia uani kwako bila kupitia mlangoni, unisamehe. Ni mwalimu wa fizikia na kemia, na nakuandikia juu ya ndege.

Mwezi wa saba mwaka huu kaka yetu mkubwa alifariki Kinshasa. Mimi nilikuwa hapa Walikale nilikokimbilia, dada yangu yuko Goma. Zamani, yaani kabla ya Januari, tungekutana Goma, tukapanda ndege moja, na jua lisingetua kabla hatujafika msibani. Ni kilomita 1,500 na zaidi, ila angani ni saa mbili na kitu. Lakini Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na tangu siku hizo uwanja wake haujapokea ndege ya abiria. Basi dada alivuka mpaka wa Grande Barrière kwa miguu, akaingia Gisenyi, akapanda basi hadi Kigali, akalala huko. Kesho yake akaruka hadi Nairobi, akakesha kwenye viti vya uwanjani, ndipo akapata ndege ya Kinshasa. Mkongo anatoka Kongo anaenda Kongo, na pasipoti yake imejaa mihuri ya watu wengine. Mkononi alikuwa amebeba fromaji mbili za Masisi, yale magurudumu yetu ya jibini, kwa sababu marehemu alizipenda na hakuna aliyejua kama zingepatikana tena.

Mimi nilishika njia ya Lubutu. Siku mbili na nusu juu ya pikipiki, mahali pengine tukiisukuma badala ya kuipanda, hadi Kisangani, kisha ndege kutoka uwanja wa Bangboka hadi ule wa Ndjili, Kinshasa. Dada alifika saa chache kabla ya mazishi. Mimi nilifika siku moja baadaye, na tope la Lubutu kwenye suruali.

Usiku wa matanga watu huzungumza lolote ili wasimzungumzie marehemu. Mpwa wetu mmoja alikuwa ametoka Brussels, kijana mrefu kama mwanzi, akaanza kuishtaki ekonomi. Magoti yake yalikuwa yamebanwa na kiti cha mbele tangu kuruka hadi kutua, jirani alilaza kiti bila kuomba radhi, chakula kilikuja baridi, chooni foleni. Watu wakampa pole. Dada akafungua mkoba, akatoa gazeti la ndege aliloliokota njiani, akatuonyesha picha: chumba chenye mlango wake, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, taa ya kusomea, na ua moja ndani ya chupa. Hapo kila mmoja akaleta lake. Kwamba ndege za ghorofa mbili za Emirates zina bafu kwa wenye daraja la kwanza tangu 2008, na kila mtu hupewa dakika 5 za maji ya moto. Kwamba Etihad mwaka 2014 walianza kuuza nyumba nzima angani, sebule, chumba cha kulala na bafu, pamoja na mtumishi. Mzee mmoja wa Equateur, aliyekuwa kimya hadi wakati huo, akasema haya si mageni kwetu. Yeye aliiona Concorde ikitua Gbadolite kwa macho yake, Mobutu akiwa ameikodi, juu ya pisti ya zaidi ya kilomita tatu iliyokatwa msituni. Kijijini kwao, alisema, wanawake walidhani mbingu imepasuka.

Watu wakacheka, hata mjane. Mimi nilinyamaza. Nilionea haya kusema kwamba ile ekonomi ya kutoka Kisangani, ambayo mpwa wangu angeililia, kwangu ilikuwa starehe niliyoifurahia kama mtoto.

Kiti changu kilikuwa 23C. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, na upana wake sentimita 43 hivi, nilipima kwa shubiri kwa sababu ya kazi yangu. Mbele kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia viti vichache vipana ambavyo sikuvichunguza. Nilikuwa nashughulika na vitu vingine. Kiti kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa skrubu nne. Mkanda ulikuwa na ulimi na ukabana. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi, herufi moja tu imekosewa. Na kabla sijapanda, kijana wa uwanjani aliuweka mkoba wangu juu ya mizani akaandika: kilo 11. Mheshimiwa, nilitamani kumwambia aniweke na mimi.

Ili unielewe, lazima nikupeleke Kilambo.

Nilifundisha hapa Walikale kuanzia 2004 hadi 2010, enzi za kasiteriti, mawe ya bati, ya machimbo ya Bisie. Kilambo haikuwa uwanja wa ndege. Ni kipande cha barabara ya lami kilichonyooka katikati ya msitu, na ndege zilitua juu yake kama malori. Kwanza husikii kitu. Kisha mtu anapiga filimbi, vijana wanatandaza mikono, pikipiki zinajitupa kando, mama mwenye kitunga cha ndizi anashuka mtaroni, mbuzi wanafukuzwa kwa mawe. Ndege inachomoza juu ya miti, inagusa lami, inapita mbele yetu ikitupiga upepo usoni, inageuka huko mwisho, na milango inafunguliwa kabla panga hazijasimama. Inashusha chumvi, sabuni, sukari, betri, kreti za Primus. Inapakia mawe.

Mawe yalifika hapo migongoni mwa watu. Mfuko wa kilo 50, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 40 msituni, siku mbili kutoka machimboni hadi kijiji cha Njingala, barabarani. Niliwafundisha baadhi ya wabebaji wale kabla hawajaacha shule. Ukikutana naye barabarani alikuwa anakusalimia kwa macho tu, kwa sababu kamba ya mfuko ilikuwa kwenye paji la uso na shingo haigeuki.

Sasa sikiliza fizikia kidogo. Kasiteriti ni nzito karibu mara saba ya maji. Mfuko wa kilo 50 ukiuona unaucheka, ni mdogo kuliko mto wa kulalia, mpaka uuinue. Tani mbili zikitandazwa katika Let 410 au Antonov ndogo, mzigo haufiki hata magotini. Ndege imeshajaa, rubani anajua imejaa, magurudumu yanajua, lakini macho yanaona ukumbi mtupu. Na palipo na nafasi ya macho, kuna mtu atakayeiuza.

Mara yangu ya kwanza, msimamizi wa mzigo alinipokea pesa, akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, akasema: "Mwalimu, ikala pale juu ya mufuko. Usiogope, mufuko haiwezi tembea." Hakuuliza jina langu. Hakuuliza kilo zangu. Mifuko aliihesabu mara mbili kwa kalamu ya bluu, kila mmoja na alama ya mwenyewe, kwa sababu kule Goma komptuari ya wanunuzi ingeipima tena, na ikipungua kilo moja kuna mtu angejibu. Mimi nikipungua, angejibu nani?

Nilikaa nimeegemea ubavu wa ndege. Karibu nami alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, kuku wawili waliofungwa miguu, na polisi mmoja aliyevua viatu. Mkanda haukuwapo. Tulipoanza kukimbia barabarani, yule mama alishika kamba iliyopita juu ya mzigo, akaniambia na mimi niishike. Niliishika. Ilikuwa kamba nzuri, mpya, ya manjano, imefungwa vizuri kwa ajili ya mifuko. Tuliruka nusu saa na kidogo juu ya milima ya Masisi, na kupitia kidirisha kilichokwaruzika niliona malisho ya kwetu, ng'ombe kama punje za mtama mweupe, na barabara ya Sake ikijipindapinda. Chini pale, kwa lori, safari ile ingenichukua siku ambazo hata dereva hazijui.

Nilisafiri hivyo mara tano. Usidhani nilikuwa jasiri. Barabara ilikuwa imekufa, njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi na bunduki yake na bei yake. Mtu wa Walikale hupanda juu ya mawe kwa kuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Kisha Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wasomi waliandika mengi juu ya amri ile. Ninachokumbuka mimi ni chumvi. Ndege zilikuwa zinakuja kuchukua mawe, na zikija hazikuja tupu, ndipo chumvi na sabuni vilipotufikia. Mawe yaliposimama, chumvi nayo ikasimama. Ndipo tulipofahamu vizuri ndege zile zilikuwa zinamjia nani.

Leo mambo yamebadilika, utasema. Kweli. Bisie ina mgodi wa mitambo wa kampuni ya Alphamin tangu 2019, na unatoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Machi mwaka huu, M23 walipoisogelea Walikale kabla ya kuiteka, mgodi ulifungwa. Walipoondoka Aprili mwanzoni, kazi ikarudi upesi, na magazeti ya fedha ya London yakashusha pumzi. Upande wa pili wa milima, kwetu Masisi, kuna Rubaya, machimbo ya koltani yaliyo mikononi mwa M23 tangu mwishoni mwa Aprili 2024. Umoja wa Mataifa husema yanatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia.

Wanafunzi wangu huuliza mawe haya huenda wapi. Huwajibu kwa kemia. Kasiteriti hutoa bati, na bati ndiyo mama wa lehemu, ile inayounganisha nyaya na vijisehemu katika kila simu, kila kompyuta, kila skrini. Koltani hutoa tantali. Tantali huhifadhi umeme ndani ya vifaa hivyo hivyo, na tena huchanganywa na nikeli kutengeneza mapanga ya injini za jeti, yale yanayozunguka ndani ya moto bila kuyeyuka. Kwa hiyo ukimwona mtu amejilaza angani ndani ya kile chumba cha kwenye gazeti la dada yangu, anatazama sinema, ujue skrini yake imeungwa kwa bati inayoweza kuwa ya Walikale, na injini inayomsukuma inaweza kuwa na chembe ya Masisi. Tumo ndani ya ndege hizo tangu siku zilipoundwa. Mwanafunzi mmoja, msichana wa darasa la tano la sekondari, aliniuliza: "Mwalimu, basi sisi tuko daraja gani?" Kengele ikaniokoa.

Nimefikiri swali lake safari nzima ya Lubutu, na jibu langu liko kwenye mizani. Watu husema anasa ya ndege ni shampeni na shuka. Mimi naona anasa ni kilo. Kiti kimoja cha biznesi, kile kinachogeuka kitanda, huweza kupita kilo 80 kabla mtu hajakikalia. Kinakula uzito wa mwanaume mzima kabla mwanaume mwenyewe hajafika. Maji ya lile bafu nayo ni kilo. Wenye ndege hukubali kilo hizo kwa sababu zimepimwa, zimelipiwa, na rubani amezisoma kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini. Abiria wa ekonomi hupunguziwa sentimita za magoti, anaudhika, na ana haki. Lakini naye yumo kwenye karatasi ile. Chini yake kuna daraja la tatu lisilouzwa kwenye gazeti lolote, ambalo abiria wake ni tofauti kati ya uzito ulioandikwa na uzito uliopo.

Tofauti hiyo huua, Mheshimiwa. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ya Let 410, ndugu wa zile za Kilambo, ilianguka ikijiandaa kutua Bandundu. Walikuwamo watu 21, akapona mmoja. Alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya begi la mtu alitoka, abiria wakakimbilia mbele, na ndege ikainama isinyanyuke tena. Dunia nzima ilicheka mamba yule. Mwalimu wa fizikia hacheki. Kama watu wachache wanaokimbia hatua chache wanatosha kuiangusha ndege ya namna hiyo, itakuwaje mifuko ya kilo 50 ikiteleza kuelekea mkiani wakati pua imeinuka? Yule msimamizi wa mzigo alisema mufuko haiwezi tembea. Mimi nilikuwa nimeukalia, nao ulitembea. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Na Goma tunajua kwamba huhitaji hata kununua tiketi ili ndege ikuue. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava ikala theluthi moja hivi ya pisti, ikaiacha fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka ikapita mwisho wa pisti ikaingia mtaa wa Birere, na wengi waliokufa walikuwa chini, wauzaji na wapita njia. Tarehe 24 Novemba 2019, leo imetimia miaka sita kamili, ndege ndogo iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo mara tu baada ya kuruka. Nimechagua siku hii kuandika kwa sababu hiyo. Mashirika yote yenye cheti cha nchi yetu yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huko, na jambo hili lilianza 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana ndevu.

Utaniambia nchi ni maskini, msitu ni mkubwa, vita havijaisha, na kule porini mizani haiwezekani. Hapo ndipo sikubaliani nawe, na nina shahidi. Ndege na helikopta za huduma ya anga ya PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zile za wafanyakazi wa misaada, hutua kwenye nyasi zile zile, chini ya mawingu yale yale, katika wilaya zenye bunduki zile zile. Abiria wao hupimwa pamoja na mkoba wake. Jina lake huandikwa. Anafungwa mkanda na kuonyeshwa mlango wa dharura. Sina kinyongo na watu hao. Wengine wametushona vidonda. Nasema tu kwamba mizani inaruka hadi Masisi, tumeiona, watoto wetu wameikimbilia. Kumbe kinachotutofautisha si umbali wala vita. Kuna mtu mahali fulani ambaye akipotea msaidizi mmoja wa misaada ataulizwa, naye analijua hilo kabla ndege haijaruka.

Kwa hiyo siombi kitanda. Sina ugomvi na wenye pazia, na wala sitaki kushusha mtu kutoka kwenye kiti kipana, mwache alale. Desemba 2024 tulipotangaziwa shirika jipya, Air Congo, Serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, nilipiga makofi kama wengine, ingawa hazikupita wiki tisa Goma ikaanguka na furaha yetu ikabaki bila uwanja.

Naomba kwanza mizani. Kila mahali ambapo ndege inapakia watu, hata kama ni barabarani, hata kama ni kwenye malisho ya ng'ombe, pawe na mizani ya kumpima mtu, na karatasi mbili: moja iende na rubani, moja ibaki chini, mkononi mwa mtu asiyepanda. Hiyo ya kubaki chini ndiyo muhimu. Ndege ikianguka msituni na karatasi yake, tutahesabiana kwa viatu.

Mawe na watu wasipande pamoja, au kama lazima wapande, viti vifungwe kwanza na mawe yachukue kilo zinazobaki. Najua wafanyabiashara watakwambia bei itapanda. Itapanda. Nimelipa bei ya kukaa juu ya mfuko na nauli yake haikuwa rahisi kama wanavyodhani.

Kuna pia Go-Pass. Tangu 2009 kila anayeruka kutoka viwanja vya RVA analipia, ilianza dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje, na tuliambiwa pesa hizo ni za kujenga viwanja. Nimelipa, dada amelipa, marehemu alikuwa amelipa mara nyingi. Tuonyesheni hesabu yake kwa lugha tunayoisoma, na mseme ni kiasi gani kimevuka mlima kuja upande huu. Ninapongojea ndege mimi, mvua ikinyesha tunajificha chini ya bawa.

Na barabara, Mheshimiwa. Najua unaona nimetoka kwenye mada. Hapana. Kama Sake, Masisi na Walikale vingeunganishwa na njia inayopitika, na kama ile ya Hombo isingekuwa mto wa tope, ni nani angelipa apande juu ya mawe? Kilambo yenyewe ilizaliwa hivyo: palipokosa barabara ya kutoka, watu waligeuza barabara iliyopo kuwa uwanja.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Tarehe 30 Oktoba, huko Paris, Rais Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa wiki zijazo kwa ndege ndogo za misaada, mchana. Waliopo Goma wakajibu hawakuulizwa. Mimi siingilii ugomvi huo. Lakini nimesikia neno "misaada", na sikusikia neno "abiria". Dawa ikitua Goma nitashukuru Mungu. Ila siku mtakapokaa mezani, Doha au Washington au popote mnapokaa, muandike na mtu wa kawaida mwenye tiketi: mama anayepeleka mtoto hospitalini Kinshasa, mwanafunzi, mfiwa. Msipomwandika sasa, uwanja utafunguliwa, na dada yangu ataendelea kuzitazama ndege zikitua nyuma ya ukuta wakati yeye anavuka Grande Barrière na mkoba kichwani.

Arobaini ya kaka imepita bila sisi. Mwaka ukitimia, familia inatutaka tena Kinshasa, na sijui tutapita wapi. Labda Lubutu, labda nchi za watu, labda patakuwa na ndege hapa karibu na nafasi juu ya kitu. Dada nimempigia jana usiku nikamwomba uzito wake kwa ajili ya barua hii. Alinuna, akasema mwanamke haulizwi, kisha akapiga tena baada ya dakika kumi: ana kilo 71, na fromaji mbili, safari hii ndogo.

Mimi nina kilo 63 na mkoba wa kilo 11, nimejipima leo asubuhi kwenye mizani ya muuza maharage sokoni. Ziandikeni.

Mwalimu wa fizikia na kemia,
mzaliwa wa Masisi, aishiye Walikale.